Pindo la Uzi: Ngiri, Papasi na Ncha za Kirusi

Karibu mwaka 1909 nguruwe wa walowezi wa Kenya walianza kufa, na vifo vyao havikufanana na vile ambavyo madaktari wa mifugo walikuwa wamevizoea. Homa inapanda, masikio na ngozi ya tumbo vinageuka zambarau, na baada ya siku chache zizi liko tupu. R. Eustace Montgomery, mtaalamu wa maradhi ya mifugo katika serikali ya kikoloni, aliifuatilia milipuko hiyo kwa miaka, na mwaka 1921 akachapisha aliyoyaona. Ugonjwa ulikuwa wa kirusi. Haukuwa ile homa ya nguruwe iliyojulikana Ulaya, kwa maana kinga ya ile haikumwokoa mnyama na hii. Na ngiri, yule wa porini anayepiga magoti akila majani, aliweza kukibeba kirusi hicho bila kuonyesha dalili yoyote.

Ngiri mwenyewe anakipata wapi? Jibu lilichelewa karibu nusu karne. Mwaka 1969 Walter Plowright, ambaye jina lake wafugaji wa Afrika Mashariki wanapaswa kulikumbuka kwa sababu ya chanjo ya sotoka aliyoitengeneza Muguga, aliandika pamoja na wenzake wawili kwamba wamekikuta kirusi ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Papasi tunamjua. Ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa mchana kutwa na kutoka usiku kuuma, yule yule anayewaletea homa watu wanaolala kwenye nyumba za udongo. Vitoto vya ngiri vinaumwa vikiwa bado shimoni, vinapona, na papasi wanabaki na kirusi wakisubiri uzao unaofuata. Mpaka leo hakijulikani kirusi kingine cha DNA kinachosambazwa na wadudu wanyonya damu kwa namna hii.

Wakati Plowright anaandika hayo, kirusi kilikwisha kuvuka bahari zamani. Mwaka 1957 kilizuka karibu na Lisbon, na maelezo yanayokubalika ni kwamba nguruwe walilishwa mabaki ya chakula kutoka kwenye ndege. Mwaka 1960 kilirudi tena Ureno, kikaingia Hispania, na huko kikakuta kupe wa jamii ya papasi wakikisubiri kwenye kuta za mazizi ya zamani. Hispania haikujinasua hadi mwaka 1995.

Jenomu ya kirusi hiki ni uzi mmoja mrefu wa DNA, na kila uzi una ncha mbili. Ncha hizo zilikuwa sehemu ngumu kuliko zote kuzisoma. Ziliposomwa hatimaye, Madrid mwaka 1986, ikaonekana kwamba, kusema kweli, hazikuwapo.

Ili tufike hapo lazima tupite nyumbani kwa mtu na mkewe. Margarita Salas alizaliwa mwaka 1938 Canero, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Hispania. Eladio Viñuela alizaliwa mwaka mmoja kabla yake, Ibahernando, katika jimbo la Extremadura, nchi ya mialoni na nguruwe weusi wanaonenepa kwa kula mbegu zake. Walioana mwaka 1963, na mwaka uliofuata wakaenda New York kwenye maabara ya Severo Ochoa, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Ochoa aliwaweka katika vikundi viwili tofauti, kwa utani kwamba angalau watajifunza Kiingereza. Nia yenyewe Salas aliielewa: kila mmoja aonekane kwa kazi yake. Madrid ilikuwa hadithi nyingine. Alipoanza shahada ya uzamivu huko, msimamizi wake, Alberto Sols, alikuwa amempa mada isiyo na uzito kwa kuwa ni msichana, na hata akiiharibu hasara itakuwa ndogo. Tunalijua hili kwa sababu Sols mwenyewe alilikiri hadharani miaka mingi baadaye, na Salas hakuchoka kulisimulia.

Waliporudi Madrid mwaka 1967 wakiwa na ruzuku kutoka Marekani, walichagua kufanya kazi pamoja juu ya phi29, kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria wa udongoni. Kilikuwa kidogo kiasi cha kumudika na maabara maskini. Lakini katika Hispania ya Franco kila aliyetaka kuuliza kuhusu kazi hiyo alimwelekea mume. Mke alikuwa mke wa Viñuela, basi. Karibu mwaka 1970 Viñuela akakata shauri: akamwachia mkewe phi29 yote, ajulikane kwa jina lake, yeye akachukua kirusi kilichokuwa kikiwamaliza nguruwe wa kwao, kile cha ngiri wa Kenya. Nimesoma visa vingi vya wanasayansi wanandoa, na sikumbuki kingine ambamo mume alihama ofisi ili mke abaki.

Sasa shida yenyewe ya ncha. Anayeijua kanga ataielewa upesi. Kanga huuzwa kwa doti: vipande viwili vilivyochapwa kimoja baada ya kingine kwenye kitambaa kimoja. Unampelekea fundi aikate katikati na kuipinda. Ukiivaa bila kupindwa, ukifua mara mbili tatu ukingo unaanza kufumuka, na kila unapofua unapoteza nyuzi nyingine.

DNA nayo ina hatari ya kufumuka kila inaponakiliwa. Mashine inayoinakili ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi. Kichukulie kama cherehani yenye ukaidi wa aina mbili. Kwanza, inashona kuelekea upande mmoja tu. Pili, haiwezi kuanza kwenye kitambaa kitupu: lazima ikute mshono mfupi umetangulia, ndipo iuendeleze. Katika chembe zetu mshono huo wa kuanzia unatengenezwa kwa RNA, halafu unafumuliwa na nafasi yake inajazwa DNA. Katikati ya uzi hilo si tatizo, maana nyuma ya pengo daima kuna kipande kingine kitakachoendelezwa mpaka kulifunika. Kwenye ncha hakuna nyuma. Kianzio kikifumuliwa pale, pengo linabaki wazi, na nakala inatoka fupi kuliko asili yake. Nakala ya nakala itakuwa fupi zaidi. Kirusi kinachozaa mamia ya watoto kwa saa moja kingekuwa kimejila chenyewe kabla ya wiki kwisha.

Waliolitamka tatizo hili kwanza ni wawili, kila mmoja kwa njia yake. Alexey Olovnikov alikuwa amesimama kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Moscow alipoliwazia: reli ndiyo DNA, treni ndiyo polimerasi, na ule urefu wa reli ulio chini ya treni inaposimama mwisho wa njia hauwezi kunakiliwa. Aliliandika kwa lugha ya Kirusi mwaka 1971, na nje ya nchi yake wachache walimsoma. Mwaka uliofuata James Watson, yule wa Watson na Crick, alilifikia kwa kutazama kirusi cha bakteria kiitwacho T7.

Watson alianzia kwenye jambo lililokuwa likiwatatiza watu. DNA ina mikondo miwili inayoshikana, iliyoandikwa kwa herufi nne: A huoana na T, na G huoana na C. T7 ina uzi wa herufi 39,937, na kipande cha herufi 160 kilicho mwanzoni kinajirudia vile vile mwishoni. Tena, ndani ya bakteria aliyeambukizwa, nyuzi za T7 hazikutwi moja moja bali zimeungana kwa mfululizo mrefu, kichwa cha huu kwenye mkia wa ule. Kumbe ni doti! Nakala mbili zilizobaki na mapengo nchani zina mikia mitupu inayoshabihiana, kwa sababu ya zile herufi zinazojirudia. Mikia inashikana, mapengo yanapata kipande cha nyuma cha kuyafunika, na mwishowe kimeng'enya kingine kinaukata mfululizo kuwa jenomu moja moja, kila moja ikiwa na pindo lake kamili. Pale ambapo awali palionekana kuwa na herufi za ziada zisizo na kazi, ndipo palipokuwa na siri ya kuzaliana.

Hilo ndilo linalonivutia katika historia hii yote. Katikati ya uzi wa kirusi pameandikwa kile kinachofanywa na kirusi. Nchani pamebaki alama za jinsi uzi wenyewe ulivyotengenezwa, kama fundi mzoefu anavyotazama pindo akajua lilishonwa kwa mkono au kwa mashine.

Na ncha ndizo zilizotangulia kusomwa. Mwaka 1963 Alfred Hershey na wenzake walionyesha kwamba uzi wa kirusi kingine cha bakteria, lambda, una ncha zinazonata: kila moja imeacha kipande kifupi cha mkondo mmoja kikining'inia, na vipande hivyo viwili vinaoana. Ukiingia ndani ya bakteria uzi unajifunga kuwa duara, na duara halina ncha ya kupoteza. Ray Wu, mzaliwa wa Beijing aliyekuwa akifundisha Cornell nchini Marekani, aliona hapo mlango. Kama kipande kinaning'inia kikiwa mkondo mmoja, polimerasi itakijaza upande wa pili. Na kama utaipa herufi zilizotiwa alama ya mnururisho, moja baada ya moja, utaweza kujua iliyoingia ni ipi na imeingia mara ngapi. Alianza na Dale Kaiser, wakachapisha matokeo ya kwanza mwaka 1968. Akamaliza na Ellen Taylor mwaka 1971. Jumla ya herufi walizopata: 12.

Kumi na mbili, kwa miaka mitatu. Leo kifaa kinachotosha kiganjani kinasoma mabilioni kwa siku. Lakini kabla ya hizo 12 hapakuwa na kipande cha DNA kilichokuwa kimesomwa kwa mpangilio namna ile, na mbinu ya Wu, ya kuiachia polimerasi ijaze kisha kuipeleleza, ndiyo babu wa mbinu ambayo Frederick Sanger aliikamilisha Uingereza mwaka 1977. Sanger aliisoma lambda yote mwaka 1982, herufi 48,502. Nobel aliipata Sanger, Wu hakuipata.

Turudi Madrid. Phi29 ina uzi wa herufi 19,285 tu, na tabia yake ilikuwa ya ajabu tangu mwanzo. Mwaka 1971 kundi la Salas na Viñuela lilitazama DNA yake kwenye hadubini ya elektroni likaona duara. Wakatia kimeng'enya kinachokula protini, na duara likafunguka likawa uzi ulionyooka. DNA si protini. Kimeng'enya kile hakina cha kuifanya. Kwa hiyo kilichozishika ncha pamoja hakikuwa DNA. Mwaka uliofuata mtafiti wa Japani, Hideo Hirokawa, alionyesha kwamba DNA ya phi29 ikiguswa na kimeng'enya cha namna hiyo inapoteza uwezo wa kuambukiza. Kitu hicho cha protini hakikuwa uchafu wa maabara.

Ilichukua miaka kukitambua. Mwaka 1978 Salas na wenzake waliandika kwamba kwenye kila ncha ya phi29 imegundishwa protini moja, na kwamba kiungo hicho ni cha kikemia kabisa, hakitoki kwa kuchemshwa wala kwa chumvi. Mwaka 1980 wakaonyesha mahali penyewe: asidi amino iitwayo serini, ambayo kemia yake ina mkono mmoja wa oksijeni na haidrojeni unaofanana na mkono ambao polimerasi huutafuta kwenye mshono wa kuanzia. Hapo fumbo likafumbuka. Protini yenyewe ndiyo kianzio. Inakuja kwenye ncha ikiwa imeshikana na polimerasi, polimerasi inaifunga herufi ya kwanza juu ya ile serini, na kunakili kunaanza kutoka ukingoni kabisa. Protini haiondolewi baadaye, inabaki pale pale, na kwa hiyo hakuna pengo la kujaza.

Kulikuwa na kizuizi cha vitendo. Ncha iliyofunikwa na protini haisomeki. Vimeng'enya ambavyo msomaji wa DNA huvitegemea haviwezi kuifikia. Lazima kifuniko kivunjwe bila kuharibu herufi iliyo chini yake. Mwaka 1981 Cristina Escarmís na Salas walichapisha ncha zote mbili. Zinaanza kwa herufi sita zile zile, AAAGTA, kila moja ikielekea katikati, kama kanga yenye pindo moja kulia na kushoto.

Herufi sita ni chache, lakini zilifanyiwa kazi kwa miaka. Zitazame tena: A tatu mfululizo. Kwenye mkondo wa pili, ule unaonakiliwa, hizo ni T tatu. Mwaka 1992 kundi la Salas liligundua kwamba polimerasi haianzii kwenye T ya kwanza bali ya pili. Inaandika A juu ya ile protini, kisha yote mawili yanateleza hatua moja nyuma, ile A ikae mbele ya T ya kwanza, na T ya pili inasomwa upya. Kwa nini usumbufu huo? Kwa sababu katika hatua ya kwanza kabisa polimerasi haina uwezo wa kufuta kosa. Kama herufi isiyo sahihi imeingia, itakapoteleza nyuma haitaoana na T iliyo pale, na kazi itakwama kabla ya kwenda mbali. Ni ukaguzi uliofichwa ndani ya kujirudia kwa herufi. Mtu asiyezijua ncha angedhani A tatu ni bahati nasibu.

Mbinu hii ya kuanzia kwenye protini si ya phi29 peke yake. Adenovirusi, wanaotuletea mafua na macho mekundu, wana protini ya aina hiyo nchani. Iligunduliwa Uingereza ikachapishwa mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya ile ya Madrid. Chanjo ya Johnson & Johnson iliyowasili Dar es Salaam Julai 2021, ya kukinga UVIKO-19, ilijengwa juu ya adenovirusi aliyenyimwa uwezo wa kuzaliana mwilini. Kiwandani, ndani ya chembe zilizoandaliwa, alizalishwa kwa njia hiyo hiyo ya kuanzia kwenye protini.

Wale wa rika langu na walionitangulia wana alama ya njia nyingine ya kuzilinda ncha kwenye mkono. Namaanisha lile kovu la duara la chanjo ya ndui. Chanjo hiyo ilikuwa kirusi hai, vaksinia, binamu wa ndui, ambacho ndicho kilichoufukuza ugonjwa huo duniani; mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Miaka mitatu kabla yake, Peter Geshelin na Kenneth Berns walikuwa wameona jambo geni kwenye DNA ya vaksinia. DNA ya kawaida ukiipasha moto mikondo yake miwili inaachana. Hii ilifunguka, lakini mikondo haikuachana. Ilikuwa imeshikana kwenye ncha zote mbili.

Mwaka 1982 Bahige Baroudy, Sundararajan Venkatesan na Bernard Moss, huko Bethesda, waliisoma ncha hiyo. Mkondo wa juu unafika mwisho, unapinda kona, na kurudi ukiwa ndio mkondo wa chini. Uzi mzima, ukiunyoosha, ni duara moja refu lililobanwa. Katika Kiswahili neno kupinda linatutosha mara mbili hapa: uzi umepinda, na kwa kupinda huko ukawa umejipinda kama kanga, hauna ukingo wa kufumuka.

Kwenye kona yenyewe, kipande cha herufi 104, mikondo haioani vizuri. Kuna herufi zinazochomoza bila mwenza. Na kona ilipatikana kwa sura mbili, kwa idadi sawa, moja ikiwa kinyume cha nyingine kama maandishi ya kanga yanavyosomeka upande wa ndani. Kosa la usomaji? Hapana. Fikiria polimerasi ikipita konani na kunakili kila inachokikuta. A inakuwa T, G inakuwa C, na mpangilio unageuka. Kama vaksinia inazaliana kwa kuipita kona, basi kila mzunguko lazima uzae kinyume cha kona, na ukihesabu kundi zima utapata nusu kwa nusu. Zile sura mbili ndizo ushahidi. Nyuzi mpya zinatoka zimeungana, lakini tofauti na doti ya T7: hizi zimeungana kichwa kwa kichwa na mkia kwa mkia, kisha zinakatwa kwenye maungio, na kila upande unajipinda tena.

Viñuela alikuwa akiisubiri habari kama hii. Kirusi cha ngiri kilikuwa kimewekwa katika ukoo usio wake, pamoja na virusi vya wadudu na vyura, kwa sababu tu ya umbo lake chini ya hadubini. Mwaka 1986, akiwa na Antonio González, Antonio Talavera na José Almendral, alichapisha ncha zake. Kona ya herufi 37, karibu zote A na T, zisizooana vizuri. Sura mbili, nusu kwa nusu, moja kinyume cha nyingine. Na ndani ya chembe zilizoambukizwa, nyuzi zilizoungana kichwa kwa kichwa na mkia kwa mkia. Kona yenyewe haikufanana hata kidogo na ya vaksinia kwa herufi, lakini ujenzi ulikuwa ule ule, na jirani na kona palikuwa na herufi 16 ambazo virusi hivyo viwili vilikaribia kufanana. Kirusi kilikuwa na umbo la ukoo mmoja na pindo la ukoo mwingine. Baadaye kilipewa ukoo wake peke yake, Asfarviridae, na kwa miaka mingi kikakaa humo bila ndugu aliyekubaliwa rasmi.

Nafikiria mara nyingine mazungumzo ya mezani katika nyumba ile. Mke ana uzi ambao ncha zake zimefunikwa na protini. Mume ana uzi ambao ncha zake zimepinda zikapotea. Walikuwa wamegawana virusi ili watengane kikazi, na virusi vikawakutanisha kwenye swali moja.

Kwa fedha, pindo la mke ndilo lililolipa. Polimerasi ya phi29 ilionekana kuwa na nguvu zisizo za kawaida: ikianza haiachi, inaandika zaidi ya herufi 70,000 bila kuuachia uzi, inausukuma mkondo wa pili kando bila kusaidiwa, na makosa yake ni machache. Salas na Luis Blanco waliyaeleza hayo mwaka 1989, na taasisi yao ya serikali ikachukua hataza. Wapelelezi wenye tone la damu na watafiti wenye chembe moja tu ya saratani waliweza sasa kuizidisha DNA mpaka itoshe kusomwa. Kwa miaka mingi hataza hiyo iliiingizia taasisi pesa nyingi kuliko hataza nyingine yoyote iliyokuwa nayo, mamilioni ya yuro. Utafiti ulioanza kwa udadisi juu ya kirusi kisichomdhuru mtu yeyote. Na utafiti juu ya kirusi kilichofilisi wafugaji? Ulizaa maarifa mengi. Chanjo haikupatikana Viñuela akiwa hai. Yeye na wenzake walimaliza kuisoma jenomu nzima ya kirusi chake kilichozoeshwa maabara mwaka 1995, herufi 170,101, akafariki Machi 1999. Salas aliendelea kwenda maabara hadi mwaka wake wa mwisho. Alifariki Novemba 2019, akiwa na miaka 80.

Mtu angedhani kwamba mashine za sasa zimemaliza shida ya ncha. Zimeirudisha. Nyingi kati ya mashine hizo huukata uzi vipande vifupi, zikagundisha kiungio kwenye mwisho wa kila kipande, zikavisoma vyote kwa pamoja, na kompyuta ikavipanga. Ncha iliyofunikwa na protini haipokei kiungio. Kona iliyopinda haina mwisho wa kugundishia. Tena kirusi cha ngiri kina kipande cha zaidi ya herufi 2,000 kinachojirudia kinyume kwenye ncha zote mbili, na kompyuta haijui kipi ni cha kulia na kipi cha kushoto. Matokeo yake ni kwamba hazina za kumbukumbu za dunia zimejaa jenomu za virusi zilizokatwa kando. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walichapisha taarifa kwamba wamekiunda upya kirusi cha ndui ya farasi kutokana na vipande vya DNA vilivyoagizwa kwa posta. Jenomu iliyochapishwa haikuwa na kona zake; aliyeisoma hakuzipata. Bila kona hakizaliani. Wakaazima kona za vaksinia, na kikaishi. Jambo lile lilizua hofu kubwa kwa sababu zilizo wazi.

Kwetu huku, suala la ncha lina uzito wa namna yake. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya kimataifa ya mifugo ya ILRI yenye makao Nairobi, walichapisha jenomu mbili za kirusi hiki kutoka Kenya: moja ya papasi, karibu herufi 191,000, na nyingine ya nguruwe wa Busia, karibu herufi 184,000. Tofauti kubwa za urefu kati ya virusi hivi hazikai katikati. Zinakaa karibu na ncha, penye familia za jeni ambazo kirusi kinaziongeza na kuzipunguza, na baadhi yake ndizo zinazokisaidia kukwepa kinga ya nguruwe.

Halafu kuna kile cha Georgia. Mwaka 2007 meli iliingia bandari ya Poti, kwenye Bahari Nyeusi, na kirusi kutoka kusini-mashariki mwa Afrika kikashuka. Kinachodhaniwa tena ni mabaki ya chakula. Kikaenea Urusi, kikaingia Ulaya, na Agosti 2018 kikafika China, penye nguruwe wengi kuliko nchi yoyote. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2011 na ikawa kipimo ambacho kila maabara ililinganisha nacho virusi vyake: herufi 189,344. Mwaka 2019 kundi la Ujerumani liliisoma upya kwa uangalifu. Likasahihisha makosa kadhaa hapa na pale, na hesabu ikapanda hadi 190,584. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa kwenye ncha.